Mkopo wa Serikali na Mtu Asiye na Dhamana

Juni 2009, akiwa Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuukinga uchumi wa Tanzania na msukosuko ulioanzia kwenye mabenki ya Marekani na kuenea dunia nzima. Msimu uliotangulia, wanunuzi wa pamba wa Mwanza na Shinyanga walikuwa wamenunua kwa bei nzuri, wakitumia fedha za mikopo ya benki. Kisha bei ya dunia ikaporomoka. Waliuza kwa hasara, wakakwama kulipa, na benki zikasita kuwakopesha tena huku mavuno mapya yakikaribia. Serikali iliamua kufidia hasara hizo, kudhamini mikopo iliyokwama ili muda wa kulipa urefushwe, na kuwezesha mikopo nafuu ya kununulia mazao.

Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu pamba isiyo na mnunuzi huingiza njaa nyumbani kwa mkulima. Hata hivyo, msaada ulipita kwenye vitabu vya benki. Mwenye deni benki alionekana. Fundi cherehani wa Kahama, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba na mwenye kiduka kijijini, ambao wote huishi kwa fedha ya msimu wa pamba, walipoteza wateja bila jina lao kuandikwa popote. Serikali imkopeshe vipi mtu wa namna hiyo, anayefanya biashara kweli lakini hana cha kuweka rehani? Swali hili lina umri wa miaka mia moja, na njia yake inafuatika.

Inaanzia 1923. Utawala wa Waingereza Tanganyika ulitunga sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa mkataba wao uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mwenyeji asimezwe na madeni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikosa mtu wa kumwamini, kwani nani atoe bidhaa kwa mkopo ambao mahakama haiutambui? Mwaka 1931, wakati mdororo mkuu wa dunia ulipokuwa umeangusha bei za mkonge, kahawa na pamba, sheria hiyo ilitungwa upya badala ya kufutwa. Katika mwaka ambao mtu mdogo alihitaji mtaji kuliko wakati wowote, mlango ulifungwa kwa komeo la pili.

Waliopata pa kupitia walikuwa wakulima wenyewe. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, chama kikuu cha KNCU kikaandikishwa mwaka 1933, na Moshi ikawa makao yake. Hapo ndipo jibu la kwanza lilipopatikana. Mkulima mmoja hakuwa na hati ya ardhi ambayo benki ingeikubali, lakini alikuwa na kahawa na majirani waliolijua shamba lake. Ushirika ulipopima na kuuza mazao ya wote, pembejeo zilizotolewa kwa mkopo ziliweza kukatwa kwenye malipo. Zao likawa dhamana, na jirani akawa shahidi.

Uhuru ulileta taasisi kubwa. Benki ya Taifa ya Biashara iliundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, Benki ya Maendeleo Vijijini ikafuata mwaka 1971, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, likaanzishwa mwaka 1973. SIDO ilimpa fundi mashine aliyoilipia kidogo kidogo, huku mashine yenyewe ikiwa dhamana. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kile kiungo cha watu wanaofahamiana kikakatika. Vyama viliporudishwa kwa sheria ya 1982, imani ya wakulima wengi ilikuwa imechakaa.

Wakati huo nchi ilikuwa taabani. Vita vya Uganda, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilimaliza sabuni, sukari na nguo madukani. Mwaka 1983 ilikuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wachuuzi wengi waliingia kwenye wavu huo. Hili tusilisahau: katika shida kubwa kuliko zote za uchumi tangu uhuru, mtu aliyekuwa akizungusha bidhaa mtaani alitazamwa kama sehemu ya tatizo.

Mtazamo ulibadilika polepole. Mwaka 1994 ulianzishwa mfuko wa NEDF wa kuwakopesha wajasiriamali, ukisimamiwa na SIDO. Mwaka 2006 ikaja ahadi iliyopewa na wananchi jina la Mabilioni ya JK: shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, kwa mikoa 21 ya Bara. Fedha za awali zilipitia CRDB na NMB, na masharti yakawa ya kibenki. Wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Na miongoni mwa waliopata, wapo waliozihesabu fedha hizo kuwa shukrani ya uchaguzi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mkopo unaotangazwa kwa lugha ya zawadi hauwezi kurudi kama mkopo.

Korona ilipopiga mwaka 2020, Benki Kuu ilipunguza mwezi Mei kiwango cha fedha ambacho benki hulazimika kuweka kwake, kutoka asilimia 7 hadi 6, na ikazihimiza benki kuwaongezea muda wakopaji walioathirika. Ni hatua nzuri, na imefuata njia ileile ya 2009. Mama lishe aliyekopa kwa watu wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mtaani wenye masharti ya kinyonyaji, akaacha kadi yake ya benki au samani za ndani kama rehani, hakuwa na benki ya kumwongezea muda.

Mlango uliobaki kwake ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu marekebisho ya sheria ya 2018, fedha hizo hukopeshwa kwa vikundi bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Zilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha marejesho yasiyokusanywa na vikundi hewa, kisha zikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Historia hii inanipa hukumu moja. Mtu asiye na dhamana hukopesheka pale tu mkopeshaji anapomjua, na anayemjua ni jirani yake, soko lake na chama chake. Ilikuwa hivyo Moshi mwaka 1933. Kwa hiyo kila halmashauri ibandike kwenye ofisi za kata na masokoni majina ya vikundi vilivyokopa, kiasi kilichotolewa na kiasi kilichorudi. Kikundi hewa hakiwezi kujificha kwa watu wa mtaa wake. Na wewe uliyechukua fedha hizo, rejesha: mwenzako yuko kwenye foleni, na hana mahali pengine pa kwenda ila kausha damu.