Fahamu Namna Salama ya Kuunganisha Vipaza Sauti Katika Shughuli za Hadhara

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Kila ifikapo Desemba, wenyeji wengi wa Mkoa wa Kilimanjaro wanaoishi maeneo mengine ya nchi hurejea nyumbani. Harusi, kipaimara, ibada za shukrani na vikao vya ukoo hufanyika kwa wingi kuanzia Manispaa ya Moshi hadi Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Vipaza sauti vya kukodi hufungwa kwa haraka, mara nyingi juu ya nyasi zenye unyevu na kwa umeme unaovutwa kutoka nyumba ya jirani. Yafuatayo ni mambo ya msingi ambayo mwenye shughuli na fundi mitambo wanapaswa kuyazingatia.

Waya wa ardhi usikatwe

Plagi ya pini tatu huwa na waya wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme unaovujia kwenye bodi ya chuma ya kifaa, ili fyuzi au swichi ya usalama ikate. Baadhi ya mafundi huukata waya huo ili kuondoa mngurumo katika spika. Kufanya hivyo ni kuondoa kinga ya uhai. Kifaa kikipata hitilafu, mtu aliyeshika maikrofoni ya chuma huku amesimama kwenye udongo wenye maji anaweza kupigwa na umeme wa volti 230.

Mara nyingi mngurumo huo husababishwa na vifaa vilivyounganishwa na ardhi kupitia njia zaidi ya moja. Suluhisho ni kuchukua umeme wa mikisa na wa amplifaya kutoka chanzo kimoja, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha mawimbi ya sauti kati ya vifaa hivyo. Aidha, inashauriwa kutumia kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampea 30.

Kukokotoa mzigo wa umeme

Soma kibandiko kilicho nyuma ya kila kifaa na ujumlishe wati zinazotumika. Amplifaya mbili zenye kutumia wati 1,200 kila moja huhitaji wati 2,400, sawa na takribani ampea 10.4. Plagi ya ampea 13 hubeba mzigo huo, lakini haipaswi kuongezewa birika la umeme wala jokofu. Waya wa kurefushia umeme uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote kabla ya matumizi, kwa kuwa ukiachwa umejizungusha hupata joto na unaweza kuungua.

Kwa mzigo huo, jenereta ya kVA 4 huacha akiba ya kutosha. Hata hivyo, kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa hupungua na injini hupoteza nguvu. Katika kijiji kilicho mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upungufu huo huzidi asilimia 10. Jenereta iwekwe nje, mbali na turubai na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu. Ni hatari kubwa kuiunganisha na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, kwa kuwa umeme unaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi wa TANESCO aliye kazini.

Kuunganisha spika na amplifaya

Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4 itapata joto kali ikifungiwa spika nne kwa njia hiyo. Spika za honi za laini ya volti 100, zinazotumika katika makanisa na misikiti mingi, zifungwe kwenye tundu la volti 100 pekee, na jumla ya wati zake isizidi uwezo wa amplifaya.

Nyaya za spika nazo si za kuchezewa. Amplifaya inayotoa wati 1,000 kwenye omu 4 hutoa takribani volti 63, kiwango kinachoweza kumdhuru mtu. Zima mtambo kabla ya kugusa maungio. Wakati wa kuwasha, anza na mikisa na umalize na amplifaya. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya.

Ajali inapotokea

Kata umeme kwanza kabla ya kumgusa aliyepigwa, kisha mwahishe katika kituo cha afya. Moto ukitokea, piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mvua au radi ikianza, simamisha shughuli na uchomoe mitambo.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kazi yoyote inayogusa nyaya za jengo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.