Kimbunga cha 1872 na Waliolipa Gharama Yake

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kusi na kaskazi, na mvua za masika pia, lakini pigo la namna ile hawakulizoea. Vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini zaidi, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Siku ile bandari ilijaa mabaki ya vyombo. Merikebu za Sultani Barghash bin Said, ambaye hakuwa hata na miaka miwili kitini, ziliangamia. Mashambani minazi na mikarafuu iling'oka kwa wingi usiohesabika. Ng'ambo ya maji, Bagamoyo, misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, yenye umri wa miaka minne tu, ilibomolewa. Na watu hao wote walikuwa ndio kwanza wametoka kuzika wafu wa kipindupindu cha 1869 na 1870.

Bara nako mito ilifurika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akirudi kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone, alipita Morogoro siku hizo. Alikuta mto Ngerengere umebeba ukuta wa mbele wa mji wa Simbamwene pamoja na nyumba zipatazo 50. Aliandika aliyoyaona, akaendelea na safari. Simlaumu sana; alikuwa na habari iliyosubiriwa na dunia nzima. Lakini wageni wengi wa maafa huwa hivyo: wanaona, wanaandika, wanaondoka.

Mgeni ninayetaka tumtafakari zaidi ni Sir Bartle Frere. Alitumwa na serikali ya Uingereza, akafika Unguja Januari 1873, miezi tisa baada ya kimbunga. Hakuleta chakula wala mbao. Alileta mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, akamtaka Sultani autie sahihi. Sultani alikataa, na moja ya sababu alizotoa ilikuwa kimbunga chenyewe. Kisiwa kimeharibika, alisema, mashamba yameanguka; kuwanyima watu wafanyakazi wakati huu ni kuwamaliza kabisa.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kumcheka. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake. Mkarafuu ukianguka, mche utakaopandwa badala yake huanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane, na miaka yote hiyo shamba linadai palizi. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa mjini. Hasara yao ilikuwa halisi. Swali ni nani alitakiwa kuifidia kwa mwili wake.

Hapo namkumbuka Nehemia. Tunapenda kuhubiri habari za ukuta wa Yerusalemu, hasa wakati wa harambee ya kujenga kanisa, na kwa kawaida tunaishia sura ya nne. Sura ya tano inatuumbua. Katikati ya ujenzi ule mtakatifu, maskini walipiga kelele kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na kwamba wana wao na binti zao wanatiwa utumwani. Ukuta ulikuwa unapanda huku watoto wakiuzwa. Nehemia alikasirika, akawaita wakuu mbele ya mkutano, akawataka warudishe. Hakusema tumalize ukuta kwanza.

Frere aliondoka bila sahihi. Akabaki John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na baada ya tishio la kuzingirwa kisiwa kwa manowari, Barghash alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa lilifungwa. Kwamba haki ilikuja imepanda manowari ni jambo ambalo mwanahistoria wa Kanisa hana budi kulisema, hata kama linatukosesha raha.

Mkataba ule ulifunga soko, lakini utumwa wenyewe haukufungwa. Kimbunga kilikuwa kimeinusuru Pemba kwa sehemu kubwa. Karafuu za Unguja zilipopungua bei ilipanda, na watu wakakimbilia kupanda Pemba. Miche ilihitaji mikono. Hivyo watumwa waliendelea kuvushwa kwa siri kutoka bara, usiku, katika majahazi. Idadi ya merikebu zilizozama na habari za miti iliyoanguka zimetufikia. Majina ya waliofukia mashimo ya miche ile hayakutufikia.

Sisi Walutheri hatukuwepo. Wamisionari wetu wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Waliokuwepo ni Waanglikana wa UMCA, na Edward Steere, yule aliyeandika mwongozo wa Kiswahili. Yeye aliona misheni yake nayo imepata pigo la kimbunga, akabaki. Mahali pa soko, Mkunazini, aliweka jiwe la msingi la kanisa siku ya Krismasi 1873. Paa alilijenga kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, tao moja refu, na wako waliosema litaanguka. Limesimama hadi leo. Wanafunzi wa teolojia ninaowafundisha hupenda kuambiwa kwamba madhabahu imewekwa pale palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watumwa. Mimi huwaambia pia watazame kaskazini-mashariki, ng'ambo ya maji, ilikokuwa kazi iliyobaki.

Kanisa lile lilifunguliwa siku ya Krismasi 1879. Kwa hesabu ya miaka ya mkarafuu, miti iliyopandwa Pemba baada ya kimbunga ilikuwa ndiyo inaanza kuzaa. Wengi wa waliopanda ngazi kuchuma karafuu zile walikuwa bado watumwa. Walingoja hadi 1897 ndipo sheria ya Unguja ilipoacha kuutambua utumwa, na hata hapo masuria hawakuhesabiwa. Wao walingoja hadi 1909.