Mnara wa Siloamu na Ijumaa ya Agosti 1998

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, mabomu yaliyopakiwa kwenye magari yalilipuka karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, Wakristo kwa Waislamu, na hapakuwa na Mmarekani kati yao. Walikuwamo walinzi waliokuwa zamu. Nairobi walikufa 213, na jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, likaporomoka.

Sisi wa Igogwe tulisikia redioni. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku, na wenye ndugu Dar es Salaam walikaa na hofu. Tulisali, kisha tukarudi kwenye chai na migomba.

Kila msiba wa namna hii huleta swali: waliokufa walikosa nini? Katika Luka 13 Bwana Yesu alilijibu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hawakuwa wenye dhambi kuliko wengine. Kisha akawageukia walio hai, akawaita watubu.

Tutubu nini sisi? Tuitazame Nairobi. Watu wa kawaida walipanda juu ya kifusi, wakaondoa mawe kwa mikono. Wengine wakajitokeza kutoa damu. Baadaye masoko yalifunguliwa na mabasi yakajaa tena. Twausifu uvumilivu huo, na ni haki. Lakini wengi waliposikia kishindo cha kwanza walikwenda madirishani kutazama, ndipo bomu likavunja vioo, wakapoteza macho. Kwao maisha hayakurudi yalivyokuwa. Mwaka 2001 bustani ya kumbukumbu ilifunguliwa pale ubalozi uliposimama, yenye majina ya waliokufa. Hata hivyo, miaka mingi baadaye manusura bado walikuwa wakidai fidia.

Hapo ndipo toba yetu ilipo. Sisi wachungaji ni wepesi wa kusema "vumilieni" makaburini, kisha twaenda zetu. Washarika wanajua zaidi: matanga yakiisha, jirani hupita kwa mjane na mkungu wa ndizi, hukaa, huuliza watoto wamekula nini. Uvumilivu wa mfiwa haumpi jirani likizo. Nani katika mtaa wetu tulimzikia mtu wake mwaka jana, na tangu hapo hatujapiga hodi kwake?