Umetaboli hauishii tumboni

Pale Mutuka, Babati mjini, kama kwingine nchini, mtu anayekula ugali wa kushiba asinenepe husemwa kwamba mwili wake unayeyusha chakula haraka. Anayenenepa kwa chakula kidogo, basi mmeng'enyo wake ni mzito. Barazani maneno hayo hayana ubaya. Ubaya huja yanapoingia kwenye kipeperushi cha afya kama istilahi ya umetaboli.

Mmeng'enyo ni kazi ya kinywa, tumbo na utumbo. Ugali huvunjwa hadi kuwa glukosi, maharage na mbaazi hadi kuwa asidi amino, kisha vipande hivyo huvuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Hapo mmeng'enyo umekwisha. Yanayoendelea ndani ya seli baada ya hapo ndiyo umetaboli: seli huchoma glukosi kupata nishati, glukosi nyingine huwekwa akiba kwenye ini na misuli, inayozidi hugeuzwa mafuta, protini mpya hujengwa, kuukuu hubomolewa. Usingizini kazi haisimami. Ubongo pekee hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika.

Kisukari kinaonyesha kwa nini mpaka huu ni muhimu. Mgonjwa amekula, tumbo limefanya kazi yake, damu imejaa glukosi, lakini seli zina njaa: ama kongosho limeacha kutoa insulini, ama seli haziitikii tena. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri na bado akakonda. Mwingine, tezi dundumio ya shingoni ikizidisha homoni zake, atakonda vilevile, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka. Wote wawili wanaweza kusifiwa mtaani kwamba "wanayeyusha haraka", na wakanunuliwa dawa za minyoo.

Neno umetaboli asili yake ni Kigiriki, likiwa na maana ya badiliko. Kwetu limekaa vizuri: kiambishi u- kimeliweka pamoja na uzazi na ukuaji, na ki- kinatupatia "magonjwa ya kimetaboli" bila kulazimisha. Kitenzi ndicho halina. Hakuna asemaye seli "inametaboli" sukari, na kwa maoni yangu heri iwe hivyo, maana tunabanwa kutaja kinachotendeka hasa: inavunja, inajenga, inahifadhi.

Hata imani kwamba pilikapilika huharakisha umetaboli wa siku nzima ilitikiswa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali katika nyika za Ziwa Eyasi. Baadhi ya jamii hiyo huishi bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mkoa huu huu wa Manyara. Walinyweshwa maji yenye isotopu za haidrojeni na oksijeni. Mkojo wa siku zilizofuata ulionyesha mwili umetoa kaboni dioksidi kiasi gani, na kwa hesabu hiyo, umetumia nishati kiasi gani. Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Ungetarajia wawaache mbali watu wa Marekani na Ulaya. Wanaume walitumia takriban kilokalori 2,600 kwa siku na wanawake 1,900. Ukizingatia ukubwa wa mwili, hawakupitana na hao wa Marekani na Ulaya.

Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi miguuni, hubana matumizi kwingine. Wanasayansi wenzake bado wanabishana naye kuhusu kiasi cha kubana huko. Mwaka 2021 yeye na kundi kubwa la watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakakuta umetaboli, kwa mwili wa ukubwa uleule, haushuki kati ya miaka 20 na 60. Kitambi cha miaka arobaini kitafutiwe sababu nyingine.

Wahadzabe, hata hivyo, ni nadra kuugua kisukari, na mwendo wao una mchango. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata pale seli zinapoipuuza insulini, kwa hiyo anayetembea kila siku hunufaika hata kama mizani haisogei.