Namba za Kiingereza na Mzigo wa Historia Yake

Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, mwanafunzi wa shule nyingi za msingi za serikali Tanzania Bara hujifunza hesabu kwa Kiswahili. Anajumlisha, anatoa, anagawanya, anajua robo na asilimia. Akiingia kidato cha kwanza, namba zile zile zinamrudia kwa majina mengine, na mara nyingi hapo ndipo anapoonekana mzito. Mwalimu akitamka "thirteen" yeye anaandika 30. Akiambiwa aandike 40 kwa maneno anaweka herufi isiyotakiwa. Kosa hilo huhesabiwa kuwa la akili yake, tena la akili ya hesabu. Naona hukumu hiyo si ya haki. Sehemu kubwa ya ugumu wa majina ya namba kwa Kiingereza haitokani na hesabu hata kidogo, ila na historia ya Waingereza wenyewe, na mtoto wa Tandahimba au wa Kahama hana sababu ya kuibeba bila kuelezwa.

Tuangalie majina hayo yalivyopatikana. "Eleven" na "twelve" zilitokana na usemi wa kale sana uliomaanisha "moja imebaki" na "mbili zimebaki", yaani baada ya kutoa kumi. Kuanzia 13 mtindo unabadilika: kidogo kinatangulia, kumi linafuata. Ikifika 21 mambo yanageuka tena, kumi zinatangulia. Zamani Waingereza walisema "nne na ishirini" kwa mpangilio huo huo wa kidogo kwanza, kisha wakauacha kwa namba za juu na kuubakiza kwa zile za kati ya 13 na 19. Tahajia nayo ni kumbukumbu ya sauti zilizokufa. Herufi "gh" ndani ya "eight" ziliwahi kutamkwa, kwa sauti iliyokaribia "kh" ya kheri. "W" ya "two" nayo ilisikika. "One" haikuwa na sauti ya "w" mwanzoni, na ushahidi upo kwenye "only" na "alone", maneno yaliyotokana nayo ambayo hadi leo hayana sauti hiyo. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na katika karne zilizofuata maandishi yalianza kuganda huku ndimi zikiendelea kubadilika. "Four" na "fourteen" zina "u", "forty" haina. Wachapaji waliandika kwa namna zote mbili kwa muda mrefu hadi moja ikashinda. Hakuna kanuni ambayo mwanafunzi angeweza kuifikiria mpaka akapata jibu. Ni lazima aambiwe.

Kiswahili nacho kina historia, na ndiyo inayonipa nguvu ya kusema haya. Watu wa pwani waliwahi kuhesabu tandatu, mfungate na kenda, kabla biashara ya Bahari ya Hindi na madrasa hazijaimarisha sita, saba na tisa za Kiarabu. Kenda tunaikuta katika jina la Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na saba ya zamani imo katika fungate, siku saba za maharusi. Ishirini, thelathini, mia na elfu zilikuja kwa njia hiyo ya Kiarabu, na laki ikatoka Bara Hindi. Lakini kuna mahali wasemaji walikataa. Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliorodhesha edashara na thenashara bega kwa bega na kumi na moja na kumi na mbili. Majina yote mawili yalikuwa hai sokoni na chuoni. Leo edashara haisikiki, na thenashara wengi wanaijua kwa kuwasikia Waithnaasheri, Mashia wa maimamu kumi na wawili. Hakuna bunge lililopiga kura wala kamati iliyokaa. Watu walichukua kwa Waarabu kile kilichowafaa, na kwenye kumi na kitu wakabaki na jina linalojieleza lenyewe: kumi, na moja.

Atakayepinga atasema kwamba Kiswahili nacho kina vituko vyake, na atakuwa sahihi. Tunasema watu watano lakini watu sita, watu wanane lakini watu tisa, kwa sababu namba za asili ya Kibantu, isipokuwa kumi, hufuata ngeli na za Kiarabu hazifuati. Mgeni anayejifunza Kiswahili huteseka hapo. Tofauti ni kwamba mgeni huyo hafanyi mtihani wa hisabati kwa lugha hiyo siku ya pili yake. Mwingine atasema Waingereza wenyewe wamekua na majina haya na bado wametoa wanahisabati wakubwa. Kweli, ila wao huyasikia kwa mama zao kabla ya kushika kalamu, wala hawakutani nayo darasani pamoja na aljebra. Na si kweli kwamba kila taifa limeona mpangilio wa majina ya namba ni jambo dogo. Mwaka 1951, kwa uamuzi wa Bunge la Norway, ilianza kuwa rasmi kwamba kumi zitangulie na watu waache kusema "nne na ishirini", na sababu kubwa ilikuwa makosa ya kutaja namba za simu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: majina yenyewe ni machache, yakaririwe wiki moja yaishe. Kukariri orodha ni rahisi; kazi iko kwenye kusikia na kutamka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Msemaji wake akileta mazoea hayo kwenye "thirteen", mkazo unaangukia silabi ya kwanza na msikilizaji anasikia 30. Akisoma saa, ugumu unaongezeka: saa tatu asubuhi yake ni "nine o'clock", kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Hata maana ya namba kubwa haikutulia huko Uingereza. Hadi 1974 "billion" ya kiserikali ilikuwa milioni mara milioni. Desemba mwaka huo Waziri Mkuu Harold Wilson aliliambia Bunge kuwa serikali itafuata hesabu ya Wamarekani, elfu mara milioni.

Simwambii mtu aache Kiingereza. Kijana anahitaji kusoma hati ya benki na kumwelewa rubani wa ndege. Ninachoomba ni kwamba walimu wa kidato cha kwanza watenge vipindi vya majina haya pekee, wafundishe mkazo na saa waziwazi, waeleze "gh" ilikotoka, na wasikate alama ya hisabati kwa kosa la tahajia.