Historia ya Fonti Zinazokuzwa katika Linux na Uandishi wa Lugha za Ngara

Kiswahili cha leo huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada. Hivyo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, herufi zenyewe hazikuwa kikwazo. Hali ni tofauti kwa Kihangaza na Kishubi, lugha za wilaya ya Ngara, iliyo na kata ya Kasulo. Mwanaisimu anayeonyesha toni za lugha hizo huweka alama juu ya irabu. Fonti isiyo na alama hizo huacha visanduku vitupu, na maana inayobebwa na toni hupotea katika maandishi.

Mfumo wa X Window, ulioanza MIT mwaka 1984, hapo awali ulitumia herufi zilizochorwa kwa nukta. Kila ukubwa ulihitaji mchoro wake; herufi ilipokuzwa, kingo zake ziliparuzika. Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilileta TrueType, ambayo huieleza herufi kwa mikunjo ya kihisabati, hivyo mchoro mmoja hutosha kwa ukubwa wowote. XFree86 4.0, iliyotoka mwaka 2000, iliupokea muundo huo.

Hata hivyo, fonti mpya iliendelea kuhitaji kuorodheshwa katika faili za mfumo, kazi iliyomtegemea msimamizi wa kompyuta. Programu ya fontconfig, iliyoasisiwa na Keith Packard, ilibadili uhusiano huo. Mtumiaji aliweza kuweka fonti katika folda yake mwenyewe, kuendesha amri ya fc-cache, kisha kuitumia. Katika maabara ya chuo yenye kompyuta za pamoja, hakulazimika tena kuomba ruhusa ili aandike lugha yake kwa usahihi.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa cha kisheria. Fonti nyingi zilikatazwa kurekebishwa, hivyo alama iliyokosekana isingeweza kuongezwa. Leseni huria ya fonti ya SIL, iliyotolewa mwaka 2005, iliruhusu marekebisho na usambazaji. Gentium na Charis SIL, zenye alama za toni, zinapatikana chini ya leseni hiyo.

Historia hii inaonyesha kwamba lugha yenye wasemaji wachache haihitaji kusubiri soko. Inahitaji fonti ambayo wasemaji na wataalamu wake wanaruhusiwa kuisakinisha na kuirekebisha.