Fundi wa Glasgow aliyeipa altrasaundi picha

Tarehe 7 Juni hupita kimya kila mwaka kwenye kliniki zetu za wajawazito, ilhali mama anayelazwa kitandani na kupakwa jeli tumboni anafaidi kazi iliyotangazwa tarehe hiyo mwaka 1958. Siku hiyo jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha ripoti ya watu watatu wa Glasgow, Uskoti, juu ya namna ya kupima uvimbe wa tumbo kwa mwangwi wa mawimbi ya sauti, bila kisu na bila eksirei. Picha zenyewe zilikuwa na ukungu na mikwaruzo. Mojawapo ilionyesha kichwa cha mtoto aliyekuwa bado tumboni.

Wa kwanza kati ya watatu hao alikuwa Ian Donald, profesa wa ukunga wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Wa pili alikuwa msaidizi wake, Dk. John MacVicar. Wa tatu, Tom Brown, hakuwa daktari wala hakuwa njiani kuwa daktari. Alikuwa fundi wa kiwandani, kijana wa miaka ishirini na kitu. Wengi wanaoisimulia historia hii humtaja Donald, wakafunga ukurasa. Mimi nimeegemea zaidi kumbukumbu alizoandika Brown mwenyewe, pamoja na kitabu cha mwanahistoria Malcolm Nicolson na John Fleming. Fleming naye alikuwa fundi aliyefanya kazi na Donald, kwa hiyo msomaji ajue mapema mizani imeelemea upande gani.

Wazo halikuzaliwa Glasgow. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Paul Langevin akaitumia elimu hiyo kusaka nyambizi kwa mwangwi wa sauti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Karl Dussik wa Vienna alijaribu kupiga picha ya ubongo miaka ya 1940, ikaja kubainika kwamba alichokiona ni athari za fuvu tu. Huko Marekani, John Wild alipima uvimbe wa matiti, na Douglass Howry akawatumbukiza watu kwenye pipa la maji ili sauti ipite vizuri. Mwaka 1953, huko Lund nchini Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliutazama moyo ukidunda kwa kifaa walichoazima kwenye karakana ya meli.

Donald alikuwa daktari wa jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiko alikozoea kusikia habari za rada na sonari. Alipenda mno vyuma na nyaya, hata baadhi ya madaktari wenzake wakambatiza jina la Donald Kichaa. Alifika Glasgow mwaka 1954, jiji la meli, boila na reli, na bahati ikamwangukia kupitia mgonjwa: mama mmoja aliyemtibu alikuwa mke wa mkurugenzi wa Babcock & Wilcox, watengenezaji wa boila huko Renfrew. Kiwanda hicho kilikuwa na kipima nyufa. Chombo hicho hupeleka mlio mfupi ndani ya chuma, mlio usiosikika kwa sikio; ukikuta ufa hurudi, na mstari kwenye kioo ukaruka juu. Profesa akaomba aje akijaribu.

Tarehe 21 Julai 1955 akatoka hospitali na magari mawili. Kwenye buti hakukuwa na mizigo ya kawaida. Kulikuwa na uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji: faibroidi ngumu za mfuko wa uzazi, na vifuko vikubwa vya maji kutoka kwenye ovari. Ukaenda kupimwa mahali palipozoea kupimwa mabamba ya chuma. Wenyeji nao walikuwa wamenunua pande kubwa la nyama ya ng'ombe ili pawe na kitu cha kulinganishia. Basi wakaanza, kimoja baada ya kingine. Kwenye kifuko cha maji sauti ilipita moja kwa moja, mstari ukatulia, kisha ukaruka ulipofika ukuta wa mbali. Kwenye faibroidi mwangwi ulirudi vipandevipande na kufifia kadiri sauti ilivyozama. Tofauti ilionekana kwa macho, na kwa daktari wa wanawake hilo si jambo dogo: uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutibiwa tofauti, na mkono juu ya tumbo mara nyingi hauwezi kuamua ni upi.

Ila nyama iliyolala mezani haipumui, haina ngozi juu yake wala utumbo wenye gesi pembeni. Donald alirudi hospitali, akaazima kipima nyufa cha zamani na kukijaribu kwa wagonjwa hai, akakwama. Ili sauti isipotelee kwenye hewa, ilibidi ndoo yenye kitako cha plastiki laini ijazwe maji na kusimamishwa juu ya tumbo la mgonjwa. Maji yalimwagika, vitanda vikalowa. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo.

Hapo ndipo Brown anapoingia, na anaingia kwa sababu ya taa. Mwishoni mwa mwaka 1956 mfanyakazi mwenzake wa Kelvin & Hughes, kampuni iliyotengeneza vipima nyufa hivyo, alikwenda kufunga taa katika hospitali ya Western Infirmary. Akarudi na kisa cha profesa anayepima watu kwa kifaa cha kupimia chuma. Wengine walicheka. Brown alimpigia simu profesa, akaomba aende kuona. Alipofika akaona kwa jicho moja kwamba kifaa kile kilikuwa kimechakachuliwa hata hakiwezi kazi inayotakiwa. Hakumwomba mkuu wake wa kazi ruhusa ya maandishi. Alipiga simu nyingine ndani ya kampuni, na kifaa kipya cha Mark IV kikaja.

Mabadiliko yalianza kuonekana. Kisha akaja mgonjwa ambaye Donald hakuchoka kumsimulia hadi uzeeni: mwanamke aliyekuwa amekonda, tumbo limejaa, na kwa tathmini ya madaktari bingwa wa upasuaji alikuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Donald akaombwa aangalie, yaani ajifurahishe na mashine yake. Mstari ukaonyesha maji yenye kingo safi. Hayo hayakuwa maji ya saratani yaliyosambaa tumboni. Kilikuwa kifuko kimoja kikubwa mno cha ovari. Kilitolewa, mgonjwa akapona. Kejeli zilipungua sana baada ya hapo.

Brown hakuridhika na mistari inayorukaruka. Alitaka picha. Kwa kutumia meza ya kulia chakula kitandani aliyoazima hospitali na vipuri vya kuokotaokota, alijenga fremu iliyoshika kichwa cha kupimia na kutambua muda wote kiko wapi na kimeelekea upande gani. Ndoo ikaondoka, tumbo likapakwa mafuta ya zeituni, kichwa kikapitishwa juu ya ngozi huku kikiyumbishwa, na kila mwangwi ukaandikwa mahali pake kwenye kioo. Kwa maoni yangu hii ndiyo siku altrasaundi ya leo ilipozaliwa, na mikono iliyoizalisha ilikuwa na grisi.

Wakati ulisaidia. Mwaka huohuo wa 1958, Alice Stewart wa Oxford alichapisha utafiti uliohusisha eksirei za wajawazito na saratani za utotoni, na wakunga wakawa wanatafuta njia nyingine. Mwaka 1963 Glasgow ilionyesha kwamba kibofu kilichojaa hufungua njia ya kuona mimba changa. Kila mama aliyewahi kuambiwa anywe maji mengi na ajizuie kwenda msalani ajue amri hiyo ilitoka wapi. Stuart Campbell, aliyefunzwa hukohuko, aliboresha mwaka 1968 upimaji wa kichwa cha mtoto ili kukadiria umri wa mimba. Donald mwenyewe aligeuka mpinzani mkali wa sheria ya utoaji mimba ya Uingereza ya mwaka 1967, akawa anatumia picha zilezile katika kampeni.

Na Brown? Kampuni mama, Smiths, haikuona faida, ikaondoka kwenye biashara hiyo miaka ya 1960, na teknolojia ikauzwa Edinburgh. Brown alijaribu tena miaka ya 1970 kwa mashine ya picha za pande tatu, kabla ya soko kuwa tayari, mradi ukaanguka, naye akaiacha fani. Alifariki mwaka 2019. Heshima alipewa, ila ilichelewa.

Donald alifariki mwaka 1987. Mwaka huohuo The Lancet ilichapisha kazi iliyofanyika Turkana, Kenya, ambako ugonjwa wa hidatidi, unaoletwa na tegu wa mbwa, ulikuwa na kiwango cha maambukizi miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Watafiti walizunguka na mashine ya kubebeka kwa wafugaji wahamaji, wakalinganisha picha na vipimo vya damu, na mashine ikawa bora katika kubaini vifuko vya ugonjwa huo tumboni. Ukanda wetu una sura yake katika historia hii, nasi huisimulia mara chache mno.

Tangu hapo mashine zimekuwa ndogo hata za kuchomeka kwenye simu, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Serikali na wafadhili hupenda kukata utepe mashine mpya inapofika. Kichwa cha kupimia kikianguka sakafuni, au waya ukikatika ndani, fundi wa vifaa tiba huja kutafutwa mkoa mwingine, na mara nyingi ndiye huyo mmoja anayegawanywa kwa hospitali kadhaa, akingoja kipuri ambacho hakikuwekwa kwenye mkataba wa ununuzi.